Sifuri ya Shigela

Mabatini, Mwanza
7 Machi 1995

Kwako dada yangu mkubwa Wilhelmina,

Shikamoo. Salamu ninazokutumia ni nyingi, zimejaa bahasha mpaka karani wa posta kaipima mara mbili. Mgawie Modesta robo, zilizobaki kaa nazo. Huku tunapumua. Wifi yako Rose hajambo, genge lake la dagaa liko pale pale, na wateja bado wanamkopa kwa jina langu kwa sababu mjini nina heshima. Mwanao Mihayo alikuja juzi kutoka Kisesa. Anasema mvua imeshika, pamba imesimama vizuri, na wale maksai wanne wa marehemu baba wamenenepa kuliko mbunge.

Mimi unanijua. Hapa mtu akitaka kujua Nairobi iko upande gani ananiuliza mimi, maana nimefika. Kampala nimekula matoke mpaka mwenye hoteli akaanza kuniita mkwe. Na kazi yetu ya kubeba imegeuka, dada. Zamani tulipakia marobota ya pamba yakienda Ulaya, siku hizi kwenye ghala la Sadru tunashusha marobota ya mitumba yakirudi kutoka huko huko. Nadhani kuna shati moja nimelibeba mara mbili.

Sasa kaa kitako. Mgongo wangu, dada. Tangu robota liliponiteleza miaka mitatu iliyopita haujakaa sawa, ila mwaka huu umezidi. Nikiinama kuvaa viatu naona nyota. Eksrei nimepiga mara mbili na daktari kasema mfupa ni mzima. Mfupa mzima unaumaje? Nilimsikia Sadru akimsimulia mteja kwamba rafiki yake Sachin, yule muuza vitambaa, alipasuliwa mgongo Nairobi, leo anatembea kama bwana harusi. Nimeuliza bei. Ni maksai wote wanne na plau juu.

Marehemu baba aliacha neno kwamba maksai wale asiuze mmoja wetu bila mwenzake. Nakuomba idhini. Andika tu mstari mmoja na utie saini, mengine niachie mimi.

Kazini nimepumzika kidogo kwa hiari yangu, nipishe vijana wajifunze.

Kuna nesi mmoja, Dorotea, zahanati ya misheni ya njia ya Kisesa, anakusanya watu wenye maumivu ya siku nyingi. Dawa yake ni kukaa kwenye benchi na kuzungumza. Nilicheka mpaka mgongo ukaniadhibu.

Mdogo wako mpenzi,
Shigela


Musoma
29 Machi 1995

Mdogo wangu Shigela,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi tupo. Upepo wa ziwa uliezua jiko, tumeliezeka tena. Modesta anasoma kwa bidii. Mimi bado niko kiwandani natoa minofu ya sangara, kisu bado kinakata.

Nilipofika kwenye neno kupasuliwa niliikunja barua nikaiweka chini ya sahani. Nimeisoma tena leo, baada ya siku nne.

Nina maswali mawili. Huyo Sachin, baada ya kupasuliwa anabeba marobota, au amekaa nyuma ya kaunta anauza vitambaa kama alivyokuwa kabla? Na maksai wakienda, Mihayo atalima pamba kwa nini, kwa kucha?

Sikunyimi. Nasema hivi: nenda kwa huyo nesi Alhamisi kumi. Ukimaliza kumi na bado unaona nyota, nitatia saini nami nitalia peke yangu. Usipokwenda, sitatia.

Na uniandikie kila kitu wanachowafundisha, hatua kwa hatua, usiruke. Kuna jirani yangu anauliza.

Dada yako,
Wilhelmina


Mabatini, Mwanza
30 Mei 1995

Dada Wilhelmina,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya kuchelewa. Rose anakusalimu, kapata kanga mpya. Magari ya vyama yameanza kupita na vipaza sauti, kila mmoja anaahidi barabara. Ningegombea mimi ningeahidi magodoro.

Nimekwenda. Tangu Alhamisi ya tarehe 13 Aprili sijakosa hata moja, na leo nakwambia bila aibu kwamba Dorotea si nesi wa kuchekwa. Ni mwembamba, ana sauti ndogo, lakini akikutazama unajikuta umesema jambo ambalo hukumwambia hata padri.

Tuko wanane. Kuna mwalimu mstaafu mwenye kiuno, kuna Ishrat, yule mshonaji wa mtaa wa Wahindi, mwenye shingo isiyogeuka, na wengine kina mama wa magoti. Siku ya kwanza Dorotea alisema hakuna mtu humu anayejifanya kuumwa. Mwanamke mmoja akaanza kulia hapo hapo. Mumewe alikuwa amemwita mvivu miaka sita.

Sasa mwambie jirani yako haya. Dorotea anasema maumivu ni kama mlinzi wa ghala. Mwizi akija apige filimbi, hiyo ni kazi yake. Lakini mlinzi aliyewahi kuibiwa vibaya huanza kupuliza hata paka akipita, na mwenye ghala halali. Mlinzi hafukuzwi. Anafundishwa taratibu kwamba paka ni paka. Basi tunalala chini kwenye mkeka, tunakaza mkono, tunaulegeza, tunakaza mguu, tunaulegeza, mpaka kwenye taya. Sikujua kwamba natembea mjini na taya limefungwa kama kufuli. Halafu kutembea. Kosa letu, anasema, ni kwamba siku ya nafuu tunafanya kazi zote mpaka tunaanguka, kisha tunalala siku tatu. Siku hizi natembea kwa dakika, nasimama kabla ya maumivu kunisimamisha, na juma linalofuata naongeza dakika mbili. Nilianza kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa muuza mkaa. Juzi nimefika kwenye kivuko cha Kamanga na kurudi.

Na kila mtu amechagua kazi moja aliyoikimbia kwa hofu. Ishrat amechagua kukata suti nzima. Mimi nimechagua kuwafunga maksai nira.

Nikuchekeshe kidogo. Siku ile ya kwanza alikuja kijana wa ofisi ya mradi, Josephat, tai shingoni, fomu mkononi. Akasema wafadhili wanataka kujua kama mazungumzo haya yanarudisha gharama yake, maana chai, benchi na mshahara wa nesi ni fedha. Akaanza na mimi, mkubwa kwa umbo, tena nilikaa mbele. Akauliza maumivu yangu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sasa dada, mgeni anakuuliza hali mbele ya watu saba, utamjibuje? Kwetu hata mtu wa kuzikwa kesho akiulizwa hali anasema nzuri kwanza. Nikamwambia sifuri. Siku nilizokosa kazini? Hakuna. Nikasema kwa sauti, kama mwanamume. Basi hakuna aliyetaka kuwa dhaifu kuliko kuli. Mwalimu akasema sifuri. Ishrat, aliyeletwa ameshikwa makwapa yote mawili, akasema moja, tena akaomba radhi kwa hiyo moja. Tulicheka sana baada ya kijana kuondoka.

Zimebaki Alhamisi tatu.

Shigela


Musoma
18 Agosti 1995

Mjomba Shigela,

Mama anakusalimu. Naandika mimi Modesta, yeye ananisomea maneno, kwa kuwa ana haraka ya kwenda zamu.

Anasema marahaba. Anasema kwetu ni wazima, sangara wamekuwa wachache kidogo, na mimi nimepata maksi nzuri za Jiografia.

Anasema Mihayo amepita hapa kununua mashine ya dawa ya pamba. Mihayo kamwambia kwamba hujafika ghala la Sadru tangu Januari, na mahali pako kuna mtu mwingine. Anasema hakuulizi kwa nini ulimdanganya. Anauliza mnakula nini.

Anasema Alhamisi kumi zilikwisha Juni. Ameandaa kalamu, ameweka karatasi ya idhini mezani, na wewe umenyamaza. Atie saini au asitie?

Anasema niandike neno hili jinsi lilivyo: ukimya wako unanitisha kuliko mgongo wako.

Modesta, kwa niaba ya mama


Mabatini, Mwanza
2 Septemba 1995

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi. Rose mzima, nyumba nzima. Modesta ana mwandiko mzuri kuliko wako, ila dada yangu ninayemjua angechelewa zamu kuliko kumpa mtu mwingine kalamu yake. Nitauliza baadaye.

Usitie saini. Hilo kwanza. Mgongo upo, haukupotea, lakini nafunga kamba za viatu mwenyewe na nalala. Filimbi imepungua.

Ni kweli. Januari Sadru aliniambia nikapumzike, baada ya mimi kumletea kisingizio cha malaria. Hakunitukana. Aliniambia nikipona nirudi Oktoba, atanifanya nyapara wa ghala, nisimamie tu, nisibebe. Nyapara, dada. Kalamu sikioni. Lakini anaamini ilikuwa malaria. Kuli aliyevunjika mgongo hapewi chochote hapa mjini, hata kiti. Nilikuficha wewe kwa sababu mdomo uliozoea kumwambia Sadru uongo ukaona heri uendelee.

Sasa ukimya wangu. Josephat alirudi Julai na fomu zake. Kwa majuma kumi Dorotea alikuwa ametufundisha kusema kweli, basi tukasema kweli. Mimi nikasema tatu. Mwalimu akasema nne. Ishrat akasema mbili, na suti ameikata. Tulifurahi, tukidhani tunampa zawadi. Dada, ofisini waliweka karatasi mbili pamoja. Ya Aprili inasema watu wanane waliingia wazima, hawana maumivu, hawakosi kazi. Ya Julai inasema watu wale wale wanaumwa na wanakosa siku mbili tatu. Mkubwa wao akaandika kwamba benchi la Dorotea linaleta maumivu. Fedha zinakatwa mwisho wa Septemba, na Dorotea anarudishwa wodi ya kujifungua. Hakujitetea. Alikuja kuniambia mimi kwanza, akasema nisijilaumu. Afadhali angenipiga.

Tarehe 27 kamati ya zahanati inakaa kufunga hesabu za darasa. Mwalimu, Ishrat na wale wengine wameniambia wao wako tayari kusema kwamba walikuwa wanaumwa, lakini nianze mimi, kwa kuwa ndimi niliyeanza ile siku. Na unajua mjumbe mmoja wa kamati ni nani? Sadru.

Nikisema, unyapara umekwenda. Nisiposema, watu saba na wengine thelathini wanaosubiri orodhani wanarudi kwenye vidonge vya kutuliza na kwa wapasuaji. Mimi niliyevuka mipaka mitatu siwezi kuvuka hapa mpaka zahanati. Sijui, dada. Taya limeanza kujifunga tena.

Shigela


Musoma
12 Septemba 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo sababu mistari inapanda mlima. Nimeanza jana asubuhi, nimemaliza leo.

Hakuna jirani.

Ni vidole vyangu, na kiwiko, huu mwaka wa pili. Kisu na barafu, kutwa nzima. Modesta ndiye anayenifunga vifungo vya gauni. Sikukwambia kwa sababu kiwandani ukisema vidole vinauma, kesho anasimama mwingine hapo uliposimama. Kwa hiyo juu ya uongo sina la kukufundisha.

Nimekuwa nikifanya yale uliyoniandikia Mei. Barua yako imechakaa kwenye mikunjo. Nalala kwenye mkeka, nakaza, nalegeza. Nafanya minofu kwa vipindi, napumzisha mkono kabla haujaniamrisha. Sijapona. Lakini nilikuwa naogopa kuamka asubuhi, na sasa naogopa kidogo tu. Hiyo ni kwa barua moja ya mtu aliyeishia darasa la nne. Aliyekaa kwenye benchi lenyewe angepata nini?

Karatasi ya idhini nimeichana.

Nenda tarehe 27. Najua unachopoteza. Nami nimekaa hapa nahesabu unachopoteza, na sipati usingizi. Nenda hivyo hivyo. Mchukue Rose, usiende peke yako.

Dada yako,
Wilhelmina


Mabatini, Mwanza
28 Novemba 1995

Dada yangu,

Shikamoo na shikamoo ya vidole vyako vyote kumi, kimoja kimoja. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuandikia mambo yakiwa yamekwisha, na hayaishi. Uchaguzi umepita, barabara hatujaiona. Mihayo kauza pamba kwa mnunuzi binafsi mwenye mizani yake na maneno mengi, lakini kalipwa palepale. Maksai wako zizini Kisesa. Wiki iliyopita niliwafunga nira mimi mwenyewe. Tulilima mistari sita, nikasimama. Zamani ningelima ishirini ili watu wanitazame.

Tarehe 27 nilivaa koti la Nairobi. Nimewahi kusema mbele ya maofisa wa forodha wa nchi tatu, lakini siku ile ulimi ulikuwa mzito kama robota. Sadru alikuwa amekaa pembeni ya dirisha. Nilisimama nikasema Aprili haikuwa sifuri, ilikuwa tisa, na kwamba sikukosa siku kazini kwa sababu kazi yenyewe nilikuwa sina. Nikasema haikuwa malaria. Hilo nililisema nikimtazama yeye. Aliangalia chini, akaanza kufuta miwani.

Mwalimu akasimama, akasema nane. Ishrat akasema kumi. Mkubwa wa Josephat akasema sasa tumwamini nani, watu hawa wa Aprili au wa leo, maana wenye maumivu wanaweza kusema namba yoyote ili benchi lisiondolewe. Ndipo Rose aliposimama nyuma kabisa. Hata kanga hakujitanda vizuri.

"Fomu yenu haina mahali pa mke," akasema. "Mnamwuliza amekosa siku ngapi. Mimi hamkuniuliza. Toka Januari mpaka Aprili nilifunga genge kila Jumatatu na Jumanne nimgeuze kitandani na kumkanda. Dagaa waliooza niliwamwaga mimi. Toka Mei sijafunga hata siku moja. Ziandikeni hizo, wateja wangu ni mashahidi."

Hebu fikiri, dada. Miaka ishirini na mbili nimelala na mwanamke huyu, na sikujua kwamba siku zile alikuwa anafunga genge kwa ajili yangu. Aliniambia soko limelegea.

Josephat, kijana mzuri kumbe, akafungua daftari pale pale akamwuliza Rose siku kwa siku. Kamati ikampa majuma matatu aanze upya. Safari hii alimwita kila mtu peke yake kwenye chumba cha dawa, kisha akamwita yule anayeishi naye. Mume wa yule mama aliyeitwa mvivu aliulizwa ni nani alikuwa anachota maji. Mtoto wa Ishrat aliulizwa suti ngapi zilirudishwa kwa wenyewe bila kushonwa. Zilipojumlishwa siku za wagonjwa na siku za waliowauguza, yale mazungumzo ya Alhamisi yalikuwa yamerudisha gharama yake na kuzidi, mara nyingi zaidi ya vidonge vya kutuliza vinavyorudisha. Ofisi imetoa miezi sita mingine. Dorotea amebaki. Wale thelathini wa orodha wanaingia kwa zamu.

Sasa langu. Sadru hajaniita. Oktoba ilipita, mtu mwingine ana kalamu sikioni. Siku moja alisimama gengeni kwa Rose, akanunua dagaa kilo mbili, akaacha chenji, akaondoka. Sijui hiyo ni hasira au ni nini. Nasubiri, na kusubiri kunaniuma kuliko kiuno. Namsaidia Rose kupima dagaa. Napima vizuri mno, ananilalamikia.

Na ofisi imenifuta kwenye darasa linaloendelea. Mkubwa wa Josephat ameandika kwamba aliyetoa taarifa ya uongo hadharani hawezi kuhesabiwa tena, wala kwenye benchi lililolipiwa asikae. Wenzangu wamesamehewa kwa kuwa walinifuata mimi. Siwezi kusema nimeonewa. Lakini, dada, ile Alhamisi ya kwanza bila darasa niliogopa kama mtoto. Nilisema, mlinzi akianza tena kupuliza nitampeleka kwa nani?

Nikaenda hivyo hivyo. Nikakaa nje, chini ya dirisha, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dorotea alikuja kulifunga kwa sababu ya vumbi, akaniona. Hakulifunga. Nikamsikia anaanza somo, na ile sauti yake ndogo ilikuwa imekua ghafla, inafika mpaka barabarani. Mtu mmoja ndani akamwuliza kwa nini anapaza sauti, akasema leo koo limefunguka. Limefunguka kila Alhamisi tangu hapo.

Jina lako nimeliandikisha kwa zamu ya Januari, na Rose ametandika kitanda. Omba ruhusa kiwandani. Ukikataliwa, njoo, tutakula dagaa. Utaingia mlangoni na kukaa kwenye benchi kama mtu mwenye haki yake. Josephat atakuita chumba cha dawa akuulize ni ngapi. Mwambie ile yenyewe, dada, hata kama ni kumi. Nami nitakuwa pale nje kwenye ndoo yangu, nimegeukia barabara kama mtu anayesubiri basi.

Shigela